Chupa ya Bei Nafuu na Hukumu ya Haraka

Divai ya shiraz ya Australia, hasa ile ya bei nafuu, aghalabu hununuliwa jioni ikamalizwa usiku huohuo. Si kosa. Nyingi hutengenezwa zinywewe mapema, na anayezihifadhi miaka kumi akitarajia muujiza huambulia maji mekundu yaliyochoka. Hata hivyo, zipo chache zinazomdai mnywaji subira, na hizo ndizo zinazomtia mhakiki majaribuni.

Ikionjwa ingali changa, divai ya aina hiyo huleta ladha ya forosadi na pilipili manga, kisha ukakasi unaoukausha ufizi. Ukakasi huo, utokanao na tanini za maganda na mbegu za zabibu, mwonjaji mwenye pupa huuita dosari. Kumbe ndio akiba yenyewe. Chupa ikilazwa ubavu ili kizibo kisikauke, gizani, penye ubaridi usiobadilika wa nyuzi 13 hivi, tanini hushikamana na chembe za rangi zikatua chini kama mashapo. Zambarau huelekea wekundu wa tofali. Harufu ya tunda hupisha ile ya ngozi na tumbaku. Asiye na ghala chini ya ardhi hutumia kabati la ndani kabisa, mbali na jiko.

(Jina lisimhadae msomaji wa pwani aliyezoea habari za Washirazi. Uchunguzi wa vinasaba wa mwaka 1998 ulibainisha kuwa asili ya mzabibu huu ni kusini-mashariki mwa Ufaransa, wala si Uajemi.)

Max Schubert wa Penfolds aliyajua madhara ya pupa. Baada ya kuzuru Bordeaux mwaka 1950 na kuonja divai zilizodumu miongo kadhaa, alianza mwaka 1951 kutengeneza Grange kwa shiraz. Wajuzi walioionja ikiwa changa waliikejeli, na mwaka 1957 wakuu wake wakamwamuru aache. Aliendelea kwa siri. Kilichotengua hukumu hakikuwa divai mpya, bali zilezile za awali, ambazo sasa zilikuwa zimekomaa; akaruhusiwa tena kwa mavuno ya 1960.

Leo Grange ni ya matajiri. Mnywaji wa kawaida ana Koonunga Hill, mchanganyiko wa shiraz na cabernet ulioanza na mavuno ya 1976, ambao hustahimili kuhifadhiwa kuliko bei yake inavyoashiria.

Hapa ulinganishi na fasihi huvunjika. Riwaya husomwa mara kumi ikabaki rafuni. Chupa ikishasomwa imekwisha. Kwa hiyo mhifadhi wa kipato cha wastani hununua sita za mwaka mmoja, akafungua moja kila baada ya miaka miwili na kuandika maoni daftarini. Mwenye chupa moja hahakiki, anabahatisha. Iliyo ngumu ni ya sita: ikifunguliwa mapema, ukomavu wake hautajulikana, ikicheleweshwa, huenda kilele kimeshapita. Wengi huifungua ajapo mgeni.