Mwaka wa Wahujumu Uchumi

Wewe mwanangu umezaliwa ukakuta maduka yamejaa, kwa hiyo nianze na harufu. Nyumba yetu ya Magomeni ilinuka majivu na majani ya mpapai, kwa sababu ndiyo tuliyofulia nguo. Kwenye duka la kaya rafu zilikuwa tupu, na bei ya serikali imebandikwa ukutani kama picha ya marehemu. Sabuni yenyewe uliipata mlango wa nyuma kwa bei ya kuruka, mara tatu au nne ya ile ya ukutani. Sote tulinunua huko, hata wale waliowalaani walanguzi mikutanoni.

Machi 1983 Sokoine, Waziri Mkuu, akaanzisha msako wa wahujumu uchumi, na Mwalimu Nyerere akiuunga mkono. Ikafuata sheria yenye mahakama yake maalumu, ambako mtuhumiwa hakuruhusiwa wakili wala dhamana. Tulishangilia, maana foleni zilikuwa zimetuchosha. Mwenye duka wa kona, aliyekuwa akiapa hana kitu, alitoa sukari mchana kweupe na kuiuza kwa bei ya ukutani huku mikono ikimtetemeka. Wengine walitupa mali mitaroni na porini. Kwa kutisha watu, sheria ile iliweza.

Shangazi yangu alikuwa amejikusanyia miche ya sabuni, mmoja mmoja, kwa ajili ya harusi ya binti yake. Aliposikia nyumba zinapekuliwa, akaifukia uani usiku, ndani ya gunia. Ilikuwa masika. Mvua ikanyesha usiku kucha, na alfajiri povu jeupe likawa linatoka ardhini na kutiririka hadi barabarani. Balozi wa nyumba kumi akaja, akasimama kwenye povu na viatu vyake vya raba, akauliza, “Mama, mmefua?” Shangazi, mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwekea amana zake, akaapa kwa jina la Mungu kwamba ni maji ya nguo. Sisi watoto tukaitikia. Balozi akatazama chini, akaenda zake. Uso wake nao ulikuwa na hofu. Nadhani kwake pia kulikuwa na kitu.

Sokoine alifariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, na shangazi alimlilia kwa dhati. Miezi michache baadaye, katika bajeti, serikali ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni waagize bidhaa. Shangazi akapanga miche ya sabuni barazani kwake, kwa bei aliyoitaka mwenyewe, na balozi yuleyule akawa mteja. Kosa la mwaka jana lilikuwa sasa biashara, na shangazi alikuwa mtu yuleyule, hakuwa mwema zaidi wala mwovu zaidi. Ila watoto wa nyumba ile tulikuwa tumeshajifunza kusema “hatuna” bila kupepesa macho, na hilo hakuna bajeti iliyolifuta. Yeye mwenyewe hakuwahi kutubia sabuni. Alichokitubia, hadi alipofariki, ni kile kiapo.