Dhiraa za Mto Nile

Mtu aliyekulia Mwanza akifika Aswan, kusini mwa Misri, macho humwambia amerudi nyumbani. Mawe ni yaleyale: majabali makubwa ya mviringo, yamelala majini kama ng'ombe walioshuka kunywa. Hata maji, kwa sehemu yake, ni ya kwetu. Yametoka Ziwa Viktoria, yakapita Jinja, yakazama katika vinamasi vya Sudan Kusini, yakakutana Khartoum na Nile ya Buluu itokayo Uhabeshi, kisha yakakata jangwa mpaka hapa.

Asubuhi nilipanda mashua ya tanga kwenda kisiwa cha Elephantine, katikati ya mto. Nahodha alikuwa mzee wa Kinubi, mwenyeji wa kisiwa hicho. Tulipokaribia, alininyooshea kidole ukuta wa mawe wenye ngazi zinazoingia majini.

"Hapo ndipo walipoupima mto," alisema.

"Kwa kipimo gani, mzee?"

"Kwa diraa, mwanangu."

Kiarabu changu ni cha kuokoteza, lakini neno hilo halikuhitaji mkalimani. Ni dhiraa, ileile ambayo bibi zetu walipimia kitambaa, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Dhiraa ya kifalme ya Misri ilikuwa ndefu kidogo, takriban sentimita 52.

Nilishuka ngazi hizo polepole, nikishika ukuta uliochongwa mistari ya vipimo. Ngazi ziko takriban 90. Zamani, kila mwaka, mvua za nyanda za juu za Uhabeshi ziliijaza Nile ya Buluu, na mto ukaja Misri ukiwa mwekundu kwa udongo. Ziwa letu lilichangia maji ya mwaka mzima. Mafuriko na rutuba vilitoka Uhabeshi. Maji yalifunika mashamba, yakatulia, yakaondoka yakiacha tope la kupandia. Wamisri waliupanga mwaka kwa mwendo huo: Akhet, miezi minne ya mafuriko, Peret, miezi minne ya mimea kukua, Shemu, miezi minne ya mavuno.

Maji yakipungua dhiraa chache, mashamba ya pembezoni hayakunyweshwa, na njaa ikabisha hodi. Yakizidi, yalibomoa matuta na nyumba. Strabo, msomi wa Kigiriki aliyefika hapa karne ya 1 KK, alieleza kwamba mto ulipopanda zaidi, mapato ya serikali nayo yalipanda. Kwa hiyo karani aliyesimama kwenye ngazi hizi hakuwa akisoma maji tu. Alikuwa akisoma chungu cha kila nyumba, kabla mbegu haijaingia ardhini.

Hatua chache kutoka hapo yamesimama magofu ya hekalu la Khnum, mungu mwenye kichwa cha kondoo dume. Wamisri waliamini kwamba aliwafinyanga binadamu kwa udongo juu ya gurudumu la mfinyanzi, na kwamba mafuriko yalitoka mapangoni, chini ya miamba hii. Kwa watu walioona udongo ukiletwa na maji na chakula kikitoka katika udongo, imani hiyo haikuwa ngano ya kubembelezea watoto. Ndivyo walivyokuwa wakiishi.

"Nilipokuwa mtoto nilikuwa nikiyaona maji yakija mekundu," mzee aliniambia tukirudi. "Mama aliyaweka mtungini mpaka tope litulie." Kisha akatazama kusini, kulikojengwa Bwawa Kuu la Aswan kati ya 1960 na 1970. Tangu wakati huo mto haujafurika tena mashambani.

Kesho yake nilipanda treni kwenda Luxor. Dirishani Misri yote ilionekana kama mkeka mwembamba wa kijani: miwa, mitende, majani ya berseem ya kulishia punda, kisha ghafla jangwa. Hakuna mpito. Unaweza kusimama mguu mmoja shambani na mwingine mchangani.

Katika hekalu la Karnak niliingia ukumbi wa nguzo 134, zilizochongwa kwa umbo la mafunjo. Kumi na mbili za katikati hufikia takriban mita 21, vichwa vyake vimechanua. Nyingine zote bado ni machipukizi. Nilihisi nimesimama ndani ya kinamasi cha mawe. Wamisri walifundishwa kwamba mwanzoni kulikuwa na maji matupu, kisha kikachomoza kichuguu cha kwanza cha ardhi, na ukumbi huu unakumbusha asubuhi hiyo. Mkulima hakuhitaji kuaminishwa kwa nguvu. Kila Akhet ilipoisha, aliona vichuguu vya tope vikichomoza shambani kwake.

Wakati wa mafuriko, shamba likiwa chini ya maji, ilifanyika sikukuu ya Opet. Makuhani walitoa sanamu ya Amun, mungu wa hekalu hili, ndani ya mashua takatifu, wakaipeleka hekalu la Luxor, na umati ukajipanga kuilaki. Siku nyingine mtu wa kawaida aliishia nje. Ndani waliingia makuhani, walionyoa miili yao na kuoga katika ziwa takatifu ambalo bado lina maji hadi leo. Hekalu lilikuwa pia ghala. Hati ndefu iitwayo Mafunjo ya Harris inaonyesha kwamba katika utawala wa Ramses III, mali za Amun hapa Luxor, iliyoitwa Thebes, zilikuwa na watu zaidi ya 86,000 waliozitumikia, pamoja na mashamba, mifugo na mashua.

Nilibeba hesabu hiyo kichwani nilipovuka kwenda ng'ambo ya magharibi, upande wa makaburi, hadi kijiji cha Deir el-Medina. Ni misingi ya nyumba zipatazo 70, zimebanana kando ya kichochoro kimoja. Hapa waliishi wachongaji na wachoraji wa makaburi ya mafarao. Kijiji hakikuwa na kisima. Maji ya mto yaliletwa kwa punda, na pamoja nao walikuja wavuvi, wafua nguo, wafinyanzi na wakata kuni waliopewa kazi ya kukitumikia kijiji. Fundi wa kawaida alipokea kwa mwezi magunia manne ya ngano ya mkate na gunia moja na nusu la shayiri ya pombe.

Katika mwaka wa 29 wa Ramses III, karibu mwaka 1157 KK, magunia hayo hayakufika. Siku 18 za mwezi zilikuwa zimepita. Mafundi wakaweka zana chini, wakapita vituo vya walinzi, wakaketi nyuma ya hekalu la Thutmose III. Walisema wameletwa na njaa na kiu, hawana nguo, mafuta, samaki wala mboga, na wakataka Farao aambiwe. Karani aliyaandika hayo kwenye mafunjo yaliyohifadhiwa leo Turin. Ni mgomo wa kwanza wa wafanyakazi tunaoujua katika maandishi.

Niliketi juu ya kizingiti cha nyumba mojawapo nikawafikiria. Farao aliwekwa na miungu kulinda Maat: ukweli, haki na mpangilio wa dunia. Mto ulileta tope, mkulima akavuna, karani akapima, kuhani akaomba, fundi akachonga, na kila mmoja alikubali nafasi yake kwa sababu aliahidiwa kwamba pishi yake itafika. Wale mafundi hawakuasi miungu. Walidai kile ambacho miungu yenyewe ilidaiwa kukilinda. Nao walipewa mgao wao, ingawa ucheleweshaji na migomo vilirudi baadaye.

Hata ndani ya nyumba sheria ilikuwa hiyo. Mwanamke wa kijiji hiki aitwaye Naunakhte, katika utawala wa Ramses V, alifika mbele ya baraza akaandikisha wosia wa mali yake mwenyewe. Aliwanyima urithi baadhi ya watoto wake, kwa sababu hawakumtunza alipozeeka. Na katika kaburi la fundi Sennedjem, mlimani juu ya kijiji, yeye na mkewe Iyneferti wamechorwa wakilima na kuvuna peponi, wamevaa kitani cheupe, shamba lao limezungukwa na mifereji ya maji. Fundi huyu aliyeishi kwenye bonde kavu alitaka milele yake iwe kando ya mto.

Jioni nilirudi kwa kivuko. Kijana mmoja alipanda akiwa na chano kipana kichwani, kimejaa mikate ya duara, moto bado, akinadi, "Eish! Eish!" Ndivyo Wamisri wanavyouita mkate, na neno hilo maana yake ni uhai. Kwenye shina hilohilo ndiko tulikochukua kuishi na maisha. Nilinunua mmoja. Mama aliyeketi karibu nami alinunua mitano, akaihesabu mara mbili, kisha akaifunika kwa mtandio wake ili ifike nyumbani ikiwa na joto.