Gesi iko tayari ndani ya bidoni

Ndugu wasikilizaji wa Likasi, na ninyi jamaa mliokimbia makwenu mkapokelewa huku kwetu, leo ninaacha kidogo habari za barabara na za umeme. Nataka kusema juu ya bidoni ya munkoyo, kwa sababu nyumba nyingi hapa mjini bukari ya jioni inatoka ndani ya bidoni hiyo.

Huko Kikula nilikaa kwa mama mmoja aliyekuja kutoka upande wa Mitwaba. Shamba hana. Anapika uji wa mahindi, anauacha upoe mpaka uwe wa vuguvugu, kisha anatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Uji ule mzito unalegea, unakuwa mwepesi na mtamu. Ukitia mizizi uji ungali unachemka, nguvu yake inakufa. Anachuja, anaacha ulale, asubuhi anauza kwa kopo.

Mtoto wake anajifunza kuchomea vyuma. Alinionyesha video kwenye simu: watu wa Ulaya wanapika bia nyumbani, wanaitia katika kipipa cha chuma cha litre 5, wanafunga kichupa cha gesi cha gramu 16, na bia inatoka kwenye robine na povu lake mpaka mwisho. Basi kijana akataka kuleta chupa kubwa ya gesi ya karakana, aiunge kwa mpira kwenye bidoni ya njano ya mama.

Mama akanigeukia: “Baba, wewe uliyesoma, sema na mdogo wako.”

Nilimwambia hapana. Gesi ya kaboni ndani ya chupa ile inakaa kwa nguvu ya zaidi ya bar 50, wakati gurudumu la gari dogo linataka bar 2 na kidogo. Kile kipipa cha Ulaya kina kifaa cha kupunguza nguvu, na chuma chake kimetengenezwa kwa kazi hiyo. Bidoni yetu ilitengenezwa kubeba mafuta ya kupikia. Tena gesi ya kuchomea mara nyingine imechanganywa na nyingine, na mpira wake umekaa kwenye grisi. Si kitu cha kupitisha katika kinywaji cha watu.

Lakini jambo lililomshangaza zaidi kijana ni hili: gesi anayoitafuta, mama yake anaitengeneza kila usiku bila kulipa franka moja. Chachu inapokula sukari, karibu nusu ya uzito wake inageuka kuwa pombe na karibu nusu inakuwa gesi hiyo hiyo ya kaboni. Vijiko 8 vya chai vya sukari, yaani gramu 32 hivi, vikichachuka vyote vinatoa gesi sawa na ya kichupa kile cha gramu 16. Hiyo ni litre 8 za gesi. Sasa fikiria bidoni ya litre 20 iliyofungwa kabisa, imepigwa jua, halafu imerushwarushwa nyuma ya taksi-moto.

Ndiyo maana bidoni zinavimba na kupasuka, na mtaji wa siku unamwagika chini. Kwa mama asiye na ndugu mjini, hiyo ni siku ya kulala njaa na watoto. Kwa hiyo usikaze kifuniko munkoyo ungali unachacha. Weka kivulini. Ukitaka kufungua, legeza polepole, uso ukiwa mbali, uache gesi itoke yote kwanza. Na wale wanaojaza mapipa mengi katika chumba kimoja kisicho na dirisha, wasilaze watoto humo: gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatulia chini, pale pale penye mkeka.

Wa siku ya kwanza hata mtoto anakunywa. Wa siku ya tatu ni pombe, tusidanganyane. (Lutuku ni habari nyingine, siigusi leo.)

Kijana hakuacha wazo la robine. Sasa anatafuta ndoo yenye robine chini, kama zile za kunawia mikono, aioshe kwa maji ya moto. Munkoyo utashuka wenyewe kwa uzito wake. Hewa itaingia juu, kwa hiyo ni lazima uishe siku ile ile. Mama anasema hilo halimpi shida: kwake saa sita mchana huwa umekwisha.