Mkono na Mazoea Yake

Mkono una kumbukumbu yake. Mtu aliyeandika kwa kompyuta miaka kumi hatafuti kitufe kilipo. Kidole hufika kabla ya fikra. Ndiyo maana toleo jipya la programu likibadili mpangilio wa kioo, kinachovurugika si mazoea tu, bali ile hali ya kuandika pasi na kuikumbuka zana.

Watumiaji wa Linux waliyaonja hayo tarehe 6 Aprili 2011, ilipotolewa GNOME 3. Mtangulizi wake, GNOME 2, iliyokuwapo tangu 2002, ilikuwa na menyu juu, orodha ya madirisha chini, na faili zilizotandazwa kati kama karatasi mezani. Sura mpya iliviondoa vyote. Hata kitufe cha kulikunja dirisha hakikuonekana tena. Waundaji walikuwa na hoja zao: misingi ya zamani imechakaa, nao walitaka uso mtulivu usiomshughulisha mtu kazini. Lakini huyo aliyekuwa kazini siku ile alijikuta mgeni nyumbani kwake.

Agosti ya mwaka huo Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alitangaza kuwa amehamia Xfce. Mtumiaji mmoja wa Argentina alishika njia nyingine: alizitwaa programu za GNOME 2, ambazo leseni yake inamruhusu yeyote kuziendeleza, akaanzisha MATE, jina la kinywaji cha kwao. Wengine walitulia na Debian 6, iliyotoka Februari 2011 ikiwa na GNOME 2. Debian 7, iliyoleta GNOME 3, haikutoka hadi Mei 2013. Walipata miaka miwili ya kujiandaa.

Nahodha hakatai kukitia chombo chake kalafati, kwani kisipotiwa kitavuja. Ila hukipandisha ufukoni msimu wa safari ukishapita, na shehena imeshashushwa. Mwenye kompyuta naye hawezi kubaki na toleo la zamani daima. Marekebisho ya usalama yakikoma, mlango huwa wazi kwa wezi. Awezalo ni kuchagua wakati. Kwanza anakili kazi zake mahali pengine. Kisha alijaribu toleo jipya kutoka kwenye diski, kabla ya kulisimika. Faili zake azitenge na mfumo, ili mfumo ubadilishwe nazo zisiguswe. Wala asianze usiku ambao kesho yake anadaiwa mswada na mchapaji.

Torvalds mwenyewe alirejea GNOME 3 mwaka 2013, akitumia nyongeza zilizomrudishia baadhi ya mambo aliyoyazoea. Kilichomfukuza kikampokea, alipokiendea kwa hiari yake na kwa saa yake. Wapo ambao hawajarejea. MATE ingali ikiendelezwa, na menyu zake zingali juu, pale pale mkono unapozitarajia.