Kichura

Jumatatu, 15 Septemba 2025, Rau

Tangu alfajiri jina ni moja tu kwenye simu: Alphonce Simbu. Ameshinda marathoni ya dunia kule Tokyo kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akimwacha Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu 3 tu za mia za sekunde. Ni dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Kwenye Olimpiki bado tunaishi na medali za fedha za wanariadha wetu Bayi na Nyambui, Moscow, 1980. Nimelia kwa furaha.

Walimu wenzangu tayari wanasema tumtafute Simbu wetu kabla ya UMITASHUMTA ijayo, michezo ya shule za msingi. Najua tutakavyomtafuta. Tutawachuja watoto, shule hadi kata, kata hadi wilaya, na wasiochaguliwa watabaki kushangilia.

Jumatano, 17 Septemba

Kipindi cha michezo, darasa la nne, watoto zaidi ya 70, mpira mmoja. Wavulana wenye nguvu waliuchukua. Wengi wa waliobaki walimaliza dakika zao 40 chini ya mparachichi. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto aushughulishe mwili kwa wastani wa angalau dakika 60 kwa siku. Wale wa mparachichini wamepata ngapi leo?

Mimi nilisoma enzi za mchakamchaka. Shule nzima ilikimbia asubuhi huku ikiimba, mwepesi na mzito pamoja. Ule ukijeshi wake siutamani, lakini hakuna aliyeachwa kivulini.

Ijumaa, 19 Septemba

Wachelewaji wamerushwa kichura kuzunguka mlingoti wa bendera. Mmoja anatoka mbali, ng'ambo ya Mto Rau, na kabla ya kuja shule huchota maji. Wasichana walishikilia sketi kwa mkono mmoja huku wakiruka, wenzao wakiwacheka.

Hili linaniuma kuliko uhaba wa mipira. Kichura ni zoezi zuri kwa mapaja na pumzi. Tumelifanya fimbo. Mtoto aliyerushwa kichura Ijumaa mbele ya shule nzima, Jumatano nitamwambiaje kwamba mazoezi ni raha? Kukimbia ni adhabu, kupiga push-up ni adhabu, halafu tunashangaa wakimaliza la saba hawataki hata kutembea hadi stendi.

Jumatano, 24 Septemba

Leo rede, ule mchezo wa kukwepa mpira. Mipira ya soksi na matambara wameishona wenyewe, kila kundi lina wake, na chupa ya kujaza mchanga. Uwanja mzima vumbi. Kuna kijana ana mguu mmoja mfupi. Siku za mpira kazi yake ni kulinda masweta ya wenzake. Leo amekuwa mrushaji, na ana shabaha! Wasichana, ambao rede ni yao tangu nyumbani, waliwafundisha wavulana kukwepa. Niliwaruhusu kuvaa bukta ndani ya sketi.

Alama sitazitoa kwa kasi. Nitaandika alipoanzia kila mtoto na alipofika.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimemweleza mwalimu mkuu: mazoezi yasitumike tena kama adhabu. Akauliza, "Sasa wachelewaji tuwafanyeje, mwalimu?" Nikamjibu tuanze kwa kuwauliza wanatoka wapi. Atalipeleka suala hili kwenye kikao cha walimu kesho. Baadhi watasema nawadekeza. Nitaomba tujaribu hadi shule zifungwe Desemba, na wachelewaji wa asubuhi niachiwe mimi.