Kitabu cha Oma

Siku ya saba baada ya mjukuu wangu kuzaliwa, tulimfanyia akika katika jiji la Hamburg, kaskazini mwa Ujerumani. Nyama ilitoka kwa bucha wa Kituruki, mchele ulitoka katika sanduku langu la safari, na wapishi tulikuwa mimi na mwanangu. Pilau, nakiri, ilishika moto chini. Baada ya chakula nikafanya kama marehemu baba alivyokuwa akiwafanyia wajukuu wake: nikampakata mtoto, nikamtajia nasaba yake, fulani bin fulani, mpaka babu wa saba.

Aliyenisikiliza kwa makini kuliko wote ni ajuza wa miaka themanini na saba, bibi yake mkaza mwanangu, ambaye nyumba nzima humwita Oma, kwa kuwa ndivyo Wajerumani wamwitavyo bibi. Nilipomaliza, alisema neno kwa Kijerumani. Mkaza mwanangu, aliyekaa Mombasa miaka mitatu na kukiokota Kiswahili chetu mumo kwa mumo, akanifasiria: "Baba, Oma auliza, na upande wetu?"

Pakawa kimya. Mkaza mwanangu alimtaja mama yake, akamtaja Oma, basi. Oma akamtaja baba yake na mama yake, na hapo kamba ikakatika. Babu yake hakumjua hata jina la kuitwa. Nilitahayari, kwani sikukusudia kumwonesha mtu upungufu wake siku ya furaha. Lakini bibi yule hakuonekana kuudhika, ila kuvutwa na jambo ambalo kwa miaka mingi alikuwa amelipa kisogo.

Alichokumbuka ni hiki. Alizaliwa mwaka wa 1937 katika kijiji karibu na mji wa Ebenrode, katika jimbo la Prussia Mashariki. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, kisha akachukuliwa vitani asirudi. Vuli ya mwaka wa 1944, majeshi ya Usovieti yalipokaribia, mama yake alimpakia yeye na mdogo wake katika gari la farasi, wakaenda magharibi na msururu wa wakimbizi. Wakaishia Schleswig-Holstein, wakalala majira mawili ya baridi katika banda la mkulima ambaye hakuwataka. Mwanangu akafungua ramani ya leo katika simu yake, akautafuta mji wa Ebenrode. Haupo.

Hapo ndipo tulipoingia katika dunia ambayo sikujua kama ipo. Ujerumani ina watu wengi, aghalabu wastaafu, wanaojitolea saa zao za jioni kuwasaidia watu wasiowajua kutafuta wazee wao. Wanaandikiana kwa mtandao, hawaonani nyuso, na hawatozi hata senti. Chama chao kimojawapo, Verein für Computergenealogie, kiliasisiwa mwaka wa 1989, kabla mtandao haujaingia majumbani. Mkaza mwanangu aliandika barua fupi usiku, akaeleza jina la ukoo na mji uliopotea. Tulipoamka kwa Alfajiri palikuwa na majibu manne.

Majibu yale yalinifunza mengi kwa mara moja. Mji haukupotea, umebadilishwa jina, tena mara mbili. Kwa karne nyingi uliitwa Stallupönen, jina lenye asili ya Kilithuania. Mwaka wa 1938 utawala wa Hitler ulifuta majina mengi ya namna hiyo katika jimbo lile, kwa kuwa hayakuwa na sauti ya Kijerumani, na Stallupönen ikawa Ebenrode. Miaka minane baadaye ulikuwa chini ya Warusi, na hadi leo waitwa Nesterov, katika mkoa wa Kaliningrad. Kwa hiyo Oma alikuwa akilikumbuka jina lililoishi miaka michache tu, miaka ya utoto wake, na nyaraka zote za wazee wake zimeandikwa kwa jina jingine ambalo hakupata kulisikia shuleni.

Swali la pili walilouliza lilikuwa dini: Walutheri au Wakatoliki? Usajili wa serikali wa kuzaliwa, ndoa na kufa ulianza Prussia mwezi wa Oktoba 1874, na Ujerumani nzima mwezi wa Januari 1876. Kabla ya hapo mwenye kuandika ni kasisi, na kila madhehebu yana vitabu vyake. Hata vitabu vya serikali si kila mtu hufunguliwa: vya kuzaliwa hubaki vimefungwa miaka 110, vya ndoa 80, vya kufa 30, isipokuwa kwa jamaa wa karibu. Wanaolea vitabu hivi wanajua kuwa jina la mtu aliye hai ni amana.

Kisha mmoja wao akatuletea orodha. Wakati wa vita vya mwanzo vya dunia, serikali ya Ujerumani ilichapisha orodha za askari waliokufa, waliojeruhiwa, waliotekwa na waliopotea, kuanzia Agosti 1914 hadi mwaka wa 1919. Ni kurasa zipatazo 31,000, zilizochapwa kwa herufi za kale zenye kona kona, hata macho huchoka baada ya ukurasa mmoja. Mamia ya watu wa kujitolea walikaa majumbani mwao wakazinakili, jina baada ya jina, mpaka mwaka wa 2014 wakawa wamekamilisha majina yapatayo milioni 8.5. Sasa mtu huandika jina la ukoo na kijiji, na jibu huja papo hapo. Sisi tulipata wanaume watatu wa jina la ukoo wa Oma katika wilaya ya Stallupönen, wawili wamejeruhiwa kidogo, mmoja ameuawa. Yupi kati yao ni babu yake? Orodha haisemi.

Mama mmoja wa Leipzig, mwalimu mstaafu, akauliza kwa upole kama nyumbani hakuna kitabu kidogo kiitwacho Ahnenpass. Mkaza mwanangu alipomtajia Oma neno hilo, bibi alisema "Hakuna," akainuka akaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Ilinibidi nieleweshwe. Ahnenpass maana yake ni pasi ya mababu. Utawala wa Hitler uliposhika hatamu mwaka wa 1933, uliwataka watumishi wa serikali, na baadaye watu wengi wengineo, wathibitishe kwamba katika mababu zao hamna Myahudi. Watu wakamiminika makanisani na katika ofisi za usajili kutafuta vyeti vya babu na bibi, wakavijaza katika kijitabu, karani akagonga muhuri wa tai. Aliyekosa muhuri alikosa kazi, kisha alikosa haki ya kuoana na amtakaye, na mwisho wake mamilioni walipoteza roho zao. Elimu ya nasaba, ambayo mimi nilifunzwa utotoni kuwa ni ya kuunga udugu, kule ilifanywa chekeche ya kuchagua nani aishi. Sikulala vyema usiku ule. Nilijiuliza kama mimi na fulani bin fulani wangu sikuwa nimetonesha donda nisilolijua.

Siku ya tatu Oma mwenyewe alipendekeza tutembee Ohlsdorf. Ni makaburi makubwa mno, karibu hekta 390, yenye barabara za mabasi ndani, miti mirefu, na mabata katika vidimbwi. Kila Mswahili afikaye Hamburg humtafuta huko mtu mmoja: Salme binti Said, binti wa Sayyid Said wa Unguja, aliyeolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete, akawa mjane mwaka wa 1870 akiwa na watoto wadogo watatu, na akafa Jena mwaka wa 1924. Amezikwa Ohlsdorf katika kiwanja cha ukoo wa mumewe. Nilisimama hapo, nikawaza wale watoto watatu: upande mmoja masultani wa Oman na Unguja, upande wa pili wachuuzi wa mto Elbe, na mama yao kati.

Nikamwambia Oma kuwa kaburi ni ukumbusho mwema. Akacheka. Ujerumani, alisema, kaburi ni la kukodi. Hapa Hamburg ni miaka 25, na ikiwa jamaa hawakulipia tena, jiwe huondolewa na mahali hupewa mwingine. Kaburi la mama yake lilikwisha ondolewa. Kisha, tukiwa tumekaa kwenye benchi twangoja basi, akasema bila ya kunitazama: "Mama alibeba vitu vitatu kutoka nyumbani. Blanketi, saa ya baba, na kile kitabu."

Jioni ile alikitoa katika kopo la biskuti, chini ya vitambaa vya mezani. Kijitabu cha rangi ya udongo, pembe zimelika. Alikificha si kwa kuwa alikipenda kilichoandikwa jaladani. Baba yake alikijaza kwa mkono wake mwenyewe ili asipoteze kazi ya reli, na hakuna kitu kingine duniani chenye mwandiko wa baba yake. Kukitupa hakuweza, kukionesha aliona haya. Na kubwa kuliko yote, hakupata kukisoma.

Hapa wasomaji wangu watanisamehe nikisita kidogo, kwa sababu jambo hili ndilo lililonigusa. Wajerumani walikuwa na mwandiko wao wa mkono, uitwao Kurrent, usiofanana kabisa na huu wa Kilatini tuujuao. Herufi ya "e" hufanana na "n", na "u" huwekewa kikofia juu ili isidhaniwe "n". Mwaka wa 1941 serikali iliamuru mashule yauache. Oma aliingia shule mwaka wa 1943, akafunzwa herufi mpya tu. Basi kati ya baba na binti yake, kwa tofauti ya miaka michache, ukaingia ukuta: aliweza kuutazama mwandiko wa baba, hakuweza kuusoma.

Nikamwambia kuwa ukuta huo naujua. Katika sanduku la babu yangu mna barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: mahari, mashamba ya minazi, jahazi lililochelewa. Mimi nazisoma, japo kwa kubahatisha kama mwandishi amekusudia "pembe" au "bembe", kwa kuwa wazee wengi waliandika "p" kama "b". Wanangu wanazisoma kwa shida. Wajukuu wanazitazama kama Oma alivyokitazama kitabu kile.

Mkaza mwanangu alipiga picha kurasa zote, akampelekea mama wa Leipzig. Usiku wa pili mama yule akajitokeza kwenye skrini, mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kamba, akamsomea Oma mstari baada ya mstari. Akamtajia babu yake, jina na mwaka: ni yule wa pili katika orodha, aliyejeruhiwa akapona. Akamtajia bibi yake kwa jina lake la kuzaliwa, maana Wajerumani huandika la mume kisha neno "geborene", yaani aliyezaliwa fulani, na hivyo ukoo wa mwanamke haupotei ndani ya ndoa. (Kina mama wa pwani wanaobaki na jina la baba zao baada ya kuolewa wataona kuwa hilo si geni kwetu.)

Jina lile la bibi likamfanya mwalimu asite. Alilijua. Ni la watu wa Salzburg, akasema, katika milima ya Austria ya leo. Mwaka wa 1731 askofu mkuu wa Salzburg aliwafukuza Waprotestanti wa nchi yake, watu wapatao 20,000, wengine wakitolewa majira ya baridi. Mfalme wa Prussia, Friedrich Wilhelm wa Kwanza, aliwapokea wengi wao akawapeleka mashariki, katika ardhi iliyokuwa imebaki tupu baada ya tauni ya 1709 hadi 1711. Walivuka Ujerumani kwa miguu na magari ya farasi.

Oma alimwomba alirudie. Kisha akauliza, "Nao pia kwa magari ya farasi?" Naam, akajibiwa. Bibi yule akakaa kimya, mkono juu ya kitabu, na mkaza mwanangu akamfuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Mwalimu alipoulizwa malipo yake alikataa. Akaomba idhini moja tu, majina ya marehemu yaingizwe katika kitabu cha familia za kijiji kile ambacho wenzake wanakikusanya mtandaoni, ili jamaa wengine waliotawanyika wakayapate. Oma alifikiri mpaka asubuhi. Akakubali majina, akakataa picha ya jalada. Nami naona alihukumu vyema. Nimeyasikia majisifu ya nasaba barazani kwetu, nani muungwana na nani mtwana, nani ametoka wapi na nani hajulikani, na mabinti waliozuiliwa kuolewa kwa hesabu hizo. Hatukuwa na muhuri wa tai, lakini chekeche tulikuwa nayo.

Kabla ya kuondoka niliandika karatasi ya mjukuu. Upande wa kulia, babu zake wa Mombasa na Lamu, kwa herufi za Kiarabu. Upande wa kushoto, kwa mkono wa Oma na herufi alizofunzwa mwaka wa 1943, mababu sita. Mahali pa kufa baba yake ameacha wazi. Maombi yamekwisha pelekwa Berlin, katika hifadhi inayotunza sajili zilizookolewa za mikoa ya mashariki, na jibu, wametwambia, huchukua miezi.