Tufaa la Mama Mgonjwa

Msiba ukiingia nyumbani, watoto ndio wa kwanza kuondolewa. Hupelekwa kwa jirani, hupewa chai na maandazi, na akitokea wa kuuliza mama yuko wapi, shangazi mmoja humjibu kwamba amesafiri. Tunasema hivyo kwa huruma, wala siwalaumu mashangazi. Ila mtoto ameshaliona turubai likifungwa, amevisikia vilio vya jikoni, na kabla jua halijazama utamkuta nyuma ya nyumba na wenzake wanazika mdoli. Mmoja ni mchungaji, wengine wanaimba, na yule mdogo kabisa amepewa kazi ya kulia. Mtu mzima akipita huwafukuza, eti wanachuria.

Mimi nadhani wale watoto wamefika mbali kuliko sisi tulioketi chini ya turubai. Kifo hawajakikana, maana mdoli wamemfukia kweli. Lakini mchezo haujaisha. Bado wanaulizana nini kitafuata. Katika upenyo huo, kati ya kukana na kukata tamaa, ndimo ninamoiona imani ya Kikristo ikipata pa kuingilia.

Ninayemfikiria zaidi ni mwandishi C.S. Lewis. Alizaliwa Belfast mwaka 1898, na alikuwa na miaka 9 wakati mama yake, Flora, alipougua saratani. Madaktari walimpasua hukohuko nyumbani, Februari 1908. Tarehe 23 Agosti akafariki, siku ya kuzaliwa ya mumewe. Mtoto alikuwa amemwombea apone. Alipofariki, akaendelea kungoja muujiza. Katika Surprised by Joy, kumbukumbu za maisha yake zilizotoka mwaka 1955, anaeleza kwamba hakumpenda wala kumwogopa Mungu aliyemwomba wakati ule. Alimwona kama mtu wa mazingaombwe: aje, afanye kazi yake, aondoke zake. Hakuja. Wiki chache baadaye mtoto akavushwa bahari pamoja na kaka yake Warren kwenda shule ya bweni Uingereza, na baba akabaki na majonzi yake.

Si kwamba hakufundishwa dini. Babu yake mzaa mama alikuwa mchungaji wa Kanisa la Mtakatifu Marko, Dundela, na ndiye aliyembatiza. Mafundisho alikuwa nayo. Alichokosa ni uso wa kuutazama huku akilia. Uso huo ulichelewa sana kuja, na ulipitia njia ambayo pengine babu asingeidhania. Kabla ya msiba, Warren alimletea siku moja mfuniko wa kopo la biskuti alioupamba kwa kuvumwani, vijiti na maua, ukawa bustani ya mchezo. Lewis anauhesabu mfuniko ule kuwa uzuri wa kwanza alioujua, na tangu hapo kila alipoiwaza Pepo, kitu cha bustani ile kilikuwamo. Ndugu hao wawili walibuni pia nchi yao, Boxen, yenye wanyama wanaosema na kufanya siasa.

Ujanani akawa mkana Mungu. Mwaka 1916, kwenye kituo cha treni, alinunua Phantastes cha George MacDonald, Mskoti aliyefiwa na mama akiwa na miaka 8, na ambaye baadaye aliwazika watoto wake wanne. Kitabu kile, kwa maelezo ya Lewis mwenyewe, kilibatiza njozi zake peke yake. Sehemu nyingine za nafsi yake ziliendelea kukaa nje ya kanisa kwa miaka 15. Ndipo Septemba 1931 rafiki zake J.R.R. Tolkien na Hugo Dyson walipotembea naye usiku katika viwanja vya chuo cha Magdalen, Oxford, wakijadiliana juu ya hadithi za kale na Injili. Siku chache baadaye alipanda kigari cha pembeni cha pikipiki kwenda bustani ya wanyama ya Whipsnade, na mahali fulani njiani, bila mjadala wowote, akaanza kuamini kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu. Aliyeendesha pikipiki ni Warren. Wasomi wameandika mengi kuhusu hoja za Tolkien, na kwa haki. Mimi hufurahi tu kwamba aliyempeleka alikuwa yule mwenye mfuniko wa biskuti, tena kwenda kutazama wanyama.

Mwaka huohuo wa 1955 kilitoka The Magician's Nephew, kimoja cha vitabu vya Narnia ambavyo Lewis aliwatungia watoto. Nilikisoma upya baada ya kumzika mama yangu, kwa sababu kilikuwa chembamba na sikuweza kusoma kitu kingine. Mama yake Digory, mvulana wa hadithi hiyo, yuko kitandani, hapewi muda mrefu. Mvulana anamwomba Aslan, yule simba, dawa ya mama, na wakati wote macho yake yako chini kwenye makucha. Anapoyainua anakuta simba analia, na machozi ya simba ni makubwa kuliko ya kwake. Hapo nilikifunga kitabu kwanza. Nimeisoma mara nyingi sura ya 11 ya Yohana, Yesu anapolia njiani kwenda kaburini kwa Lazaro, na kila mara nimeyaruka machozi ili niwahi ufufuo. Hadithi ya watoto ilinikalisha kwenye machozi. Tumaini halikuwa jambo jipya kwa Lewis; hata yule mtoto wa 1908 alitumaini, tena kwa nguvu zake zote. Aliyebadilika ni yule anayeombwa.

Mwishoni mama yake Digory anaponywa kwa tufaa. Yupo atakayesema kwamba mzee alijipa kitabuni alichonyimwa utotoni, basi. Ni neno la haki, na lilikuja kujaribiwa. Mwaka 1956 mkewe, Joy Davidman, aligundulika kuwa na saratani. Alipata nafuu iliyowashangaza wengi, kisha akafariki tarehe 13 Julai 1960. Nyumbani walibaki wana wawili wa Joy, mdogo akiwa na miaka 14. A Grief Observed, kilichotoka mwaka 1961 kwa jina la bandia la N. W. Clerk, hakimpi mtu tufaa lolote. Lewis anagonga mlango wa Mungu na kuusikia ukikomewa kwa ndani. Tena anazishuku picha zake mwenyewe: anahofia kwamba Joy anayemkumbuka atageuka kuwa Joy aliyemtunga, na Mungu vivyo hivyo, hadi anakubali picha hizo zivunjwe. Anayejidanganya kwa njozi hafanyi hivyo. Mtoto hufanya. Ugali wa udongo aliousonga leo ataukanyaga bila kinyongo, kesho asonge mwingine, kwa kuwa hakuwahi kudhani unalika. Ni sisi wakubwa tunaogeuza ugali wa udongo kuwa mali.

Na alipojaribu kuzungumza na wale wavulana juu ya mama yao, aliiona haya ikijitokeza nyusoni mwao, akakumbuka kwamba hata yeye alikuwa hivyo mbele ya baba yake. Vitabu vyote saba vya Narnia vilikuwa vimeshachapwa, na mwenye kuvitunga hakuwa na la kuwaambia.

Kuna sehemu moja ambayo bado sijapatana nayo. Digory anatumwa kwenye bustani ya mbali kuchuma tufaa na kulileta kwa Aslan. Huko mchawi anamshawishi alichukue, akimbie nalo kwa mama yake. Anakataa, na baadaye Aslan anamruhusu amchumie mama tufaa jingine, mama anapona. Lakini kabla ya kumruhusu anamweleza kwamba hata lile la wizi lingemponya mama, ila ingefika siku ambayo mama na mwana wangeona heri angekufa kwa ugonjwa ule. Aliyeyaandika hayo ni mtu aliyefiwa na mama kweli, kwa hiyo siwezi kuyapuuza kama maneno ya mhubiri asiyejua msiba. Nadhani hata nayaamini. Lakini ningekuwa nalo mkononi usiku ule hospitalini, ningemlisha mama, na hayo mengine tungeyaona mbele ya safari.